Mtoto wa dada yangu alipewa onyo la polisi, na baba yake keshajibu "Hapana" kwenye fomu ya uraia

Kwako mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mzaliwa wa Mombasa, nimeishi Uingereza tangu 2009. Dada yangu mkubwa naye yuko huku na mumewe na watoto watatu, si mbali na kwangu, kwa basi ni dakika ishirini. Barua hii ni juu ya binti yao wa kwanza. Mimi sikujaliwa kuzaa, na huyu nimemlea kama wangu. Kwangu ana mswaki wake na ana kitanda chake.

Mwaka juzi mama yetu alifariki. Dada akasafiri kwenda matangani, shemeji akabaki kwa sababu kazi ya ghala haikumpa ruhusa, watoto wakahamia kwangu. Jumamosi moja mchana nikapigiwa simu na askari wa kike, akauliza kama mimi ni jamaa wa fulani. Binti alikuwa ameshikwa dukani na wenzake wawili. Mkobani mwake mlikuwa na rangi ya midomo na kikopo cha poda ambavyo havikulipiwa, vyote viwili pauni 14. Alikuwa na miaka 15. Baba yake walishampigia, simu ikaita tu. Kazini kwao simu hufungiwa kabatini mpaka zamu iishe.

Nilitoka na dera langu la nyumbani, koti juu. Tukaketishwa kwenye chumba kidogo, yule askari akaeleza kwa upole kwamba kwa kuwa ni mara ya kwanza, amekiri, na vitu vimerudi dukani, hatapelekwa mahakamani. Atapewa onyo la vijana, atie sahihi, na mimi kama mtu mzima wa kumsimamia nitie yangu. Nikauliza kama kuna wakili. Nikaambiwa yupo wa bure, ila tutamsubiri. Binti akanishika mkono akasema, "Mama mdogo, twende nyumbani." Tukatia sahihi.

Njiani alilia mpaka kituo cha basi. Akaniomba nisimwambie baba yake kwa hali yoyote. Hofu yake naijua inakotoka. Shemeji ni mtu mwema lakini mkali, na kijana wa jirani yetu alipoingia makundi mabaya, alisema mbele ya watu wote: "Wangu akinifanyia hivi, namkatia tiketi ya kwenda tu. Kwa bibi yake Kilifi, asirudi." Nikamuahidi binti sitasema. Barua zote za polisi zilikuja kwa anwani yangu, ninazo kabatini.

Tangu siku ile mtoto amebadilika. Wale wenzake aliachana nao mwenyewe. Sasa ana miaka 17, anasoma baiolojia na kemia, na anataka kusomea ukunga. Jumapili anajitolea kwenye nyumba ya wazee, anawapaka mafuta mikononi na kuwasikiliza hadithi zilezile. Walimu wake wanamsifu.

Shida imeanza mwezi huu. Shemeji anaomba uraia wa Uingereza kwa familia nzima. Wiki iliyopita tulikula kwao, baada ya chakula akaweka kompyuta mezani akawa anasoma maswali kwa sauti na kujibu papo hapo. Akafika kwenye swali la polisi na mahakama. Akacheka: "Hapa kwetu hapana, alhamdulillahi." Akabofya. Binti akainuka kwenda kuosha vyombo, na siku ile haikuwa zamu yake.

Nimeuliza watu wawili bila kutaja jina. Mmoja ni mama tunayefanya naye kazi ya kulea wazee. Alisema rekodi ya polisi nchi hii haifutiki mpaka ufe, na ukunga huyo mtoto ausahau. Wa pili ni bwana mmoja anayewajazia watu fomu kwa malipo kidogo. Yeye kacheka. Kasema onyo si kesi, la mtoto hufutwa akifika miaka 18, watie "Hapana" walale. Nimwamini nani?

Nikisema, navunja ahadi, na pengine naona mtoto anapandishwa ndege. Nikinyamaza, sijui natega nini mbele yake. Halafu dada yangu. Atajua kwamba jambo la mwanawe nililificha tangu siku alizokuwa kwenye matanga ya mama yetu, na sidhani atanisamehe upesi. Binti anatimiza miaka 18 baada ya miezi mitano, na shemeji anataka fomu ziende kabla ya hapo. Bado hajazituma.

Nisaidie.

Mama Mdogo, Milton Keynes

---

Dada yangu Mama Mdogo,

Poleni na msiba, hata kama umepita. Naona barua yako haikuweza kusimulia siku ile polisi bila kuanzia matangani, na nadhani hapo ndipo sehemu ya uzito huu ilipo. Ulikuwa umefiwa na mama, una watoto watatu wa dada yako nyumbani, na ghafla ukaitwa uwe mzazi mbele ya askari.

Ukiniruhusu, nitayatenga mambo uliyoyafunga pamoja. Kuna swali la ukunga, yaani kama karatasi ile itamfungia binti kazi anayoitaka. Kuna swali la fomu ya uraia. Na kuna la ahadi. Umeyaandika kana kwamba jibu la moja ni jibu la yote. Sivyo. Onyo ni moja, lakini kila mlango anakolipitisha una bawabu wake, na kila bawabu ana kanuni zake.

Nianze na ukunga, maana hapo nina habari nyepesi zaidi kuliko ulivyotarajia. Onyo la vijana, kama lilivyo Uingereza na Wales tangu 2013, si hukumu. Hakuna mahakama iliyomtia binti hatiani. Chini ya sheria ya mwaka 1974 inayohusu waliowahi kukosea na kujirekebisha, onyo hilo huhesabiwa limekwisha muda wake siku ileile linapotolewa. Akiomba kazi ya dukani leo, akaulizwa kama ana makosa ambayo muda wake haujaisha, akijibu "hapana" atakuwa amesema kweli.

Kazi za kushika wagonjwa na watoto zina ukaguzi mzito zaidi, ule wa daraja la juu wa DBS, idara ya serikali inayotoa vyeti vya rekodi za makosa, na huko hata yaliyokwisha muda yanaweza kuonekana. Zamani maonyo ya utotoni yalikuwa yanawafuata watu huko. Watu kadhaa wakaenda mahakamani. Mmoja wao alikuwa mwanamke aliyetaka kuwa msaidizi wa mwalimu. Mwaka 1999, akiwa mgonjwa wa akili na ugonjwa wake bado haujatambuliwa, alionywa kwa kuiba sandwichi, na miezi michache baadaye akatiwa hatiani kwa kuiba kitabu cha peni 99. Kesi yake pamoja na za wenzake ilifika Mahakama Kuu Kabisa ya Uingereza. Januari 2019 majaji wakasema baadhi ya kanuni zile zilipita kiasi, ikiwemo ya kuyaanika makaripio na maonyo waliyopewa watoto. Serikali ikabadili utaratibu, na tangu tarehe 28 Novemba 2020 onyo alilopewa mtu kabla ya kufika miaka 18 haliwekwi moja kwa moja kwenye cheti cha DBS, hata kile cha daraja la juu.

Sheria inaliita onyo la namna hiyo lililolindwa. Chuo kikimuuliza binti juu ya mambo ambayo hayakulindwa, hili halimo. Baraza linalosajili wauguzi na wakunga nalo halidai aeleze onyo lililolindwa. Kwa hiyo yule mama wa kazini kwenu amemhukumu mapema mno.

Lakini hakukosea yote. Ni kweli kwamba rekodi yenyewe inabaki kwenye kompyuta ya polisi, na kwa utaratibu wa sasa hukaa mpaka mwenyewe afikishe miaka 100. Kinachobadilika ni nani anaonyeshwa. Na hapo bwana wa fomu ndipo alipokudanganya, sijui kwa kutojua au kwa kutaka kukufurahisha: haifutwi mtu akifika miaka 18. Hakuna siku ya kuzaliwa inayofuta kitu.

Pia ukaguzi wa daraja la juu una kipengele ambacho hakuna awezaye kukuahidi lolote juu yake. Mkuu wa polisi wa eneo ana ruhusa ya kuongeza habari anayoona inahusiana na kazi inayoombwa. Je, ataona rangi ya midomo iliyochukuliwa na mtoto wa miaka 15 inahusu kuzalisha wanawake? Mimi nisingetarajia. Ikitokea, ipo njia ya kuomba msimamizi huru aipitie upya. Kama binti ni wa kulala macho kwa "huenda", anaweza kuomba nakala ya rekodi yake mwenyewe kupitia ACRO, ofisi ya polisi inayoshughulikia rekodi za makosa. Ni bure. Akiona kwa macho yake kilichoandikwa, na tarehe, na kosa lilivyotajwa, atakuwa na kitu cha kumwonyesha mshauri badala ya kukisia. Shirika la Unlock na lile la Nacro yanashauri watu juu ya mambo haya haya kila siku, bila malipo na bila kushtuka.

Kwa wasomaji wengine wenye vijana, maana barua hii itasomwa na wengi: mpaka wa miaka 18 hapa ni mkali. Kijana aliyeonywa kwa kosa hilohilo siku moja baada ya kutimiza 18 amepata onyo la mtu mzima. Hilo huonekana kwenye ukaguzi wa kazi kama hizi kwa miaka 6, na kwa baadhi ya makosa mazito huonekana bila kikomo. "Kubali tu tuondoke" ina bei tofauti kwa ndugu wawili waliopishana mwaka mmoja. Na wakili wa zamu kituoni ni bure kwa kila mtu, hata kama saa ni mbaya na mtoto amechoka.

Hilo linanileta kwenye sahihi mliyotia, na nauliza kwa upole. Onyo hutolewa kwa aliyekiri kosa. Binti alikiri nini hasa? Alijua vitu vile vimo mkobani mwake, au wenzake walimtumbukizia? Alielezwa kwamba itabaki rekodi? Sisemi kulikuwa na kasoro, wala simshuku askari aliyewapokea vizuri. Ila katika barua nzima, sentensi pekee ya binti siku ile ni "twende nyumbani". Ikiwa alikubali asichokifanya, au bila kuelezwa matokeo yake, wakili wa jinai anaweza kuangalia kama kuna hoja ya kuomba rekodi iondolewe. Maombi hayo hupitia ACRO, na uamuzi ni wa mkuu wa polisi husika. Hayana uhakika. Ikiwa alijua na alichukua, basi alichukua, na tuendelee.

Sasa fomu, na hapa nataka tukae zaidi kidogo.

Ile sheria ya 1974 inayomruhusu mtu kusema "limekwisha" haifanyi kazi kwenye maombi ya uhamiaji na uraia. Home Office, yaani wizara ya mambo ya ndani inayoamua maombi hayo, inauliza juu ya maonyo pia, sio kesi za mahakamani tu, na huangalia rekodi za polisi yenyewe. Sharti la tabia njema linamhusu kila mwombaji mwenye miaka 10 na kuendelea, hivyo binti yumo ndani yake kwa jina lake, sio kama mkia wa baba. Kwa maneno mengine, jibu lililo sahihi kabisa mbele ya mwajiri linaweza kuwa uongo mbele ya ofisa wa uraia. Najua hilo linachanganya. Linawachanganya hata wanaojaza fomu kwa riziki.

Onyo lenyewe likitajwa, ofisa analipima: umri, uzito wa kosa, muda uliopita, mtoto amekuwaje tangu hapo. Hiyo nyumba ya wazee ya Jumapili ni kitu cha kuwekwa kwenye mizani hiyo, na barua ya mwalimu pia. Siwezi kusema atakubaliwa, maana ofisa ana hiari, na ada ya maombi kwa mtoto ni kubwa, hairudishwi maombi yakikataliwa. Lakini onyo likifichwa na likaonekana, swali halibaki kuwa la poda na rangi ya midomo. Linakuwa la kudanganya serikali, na kwa miongozo yao, udanganyifu kwa kawaida husababisha maombi kukataliwa kwa miaka 10. Wamewahi kukataliwa watu wenye makosa madogo sana kwa sababu hiyo tu. Kusema uongo kwa kujua kwenye maombi ya uraia ni kosa la jinai pia. Shemeji yako leo hajui, na kwa hiyo hajadanganya. Yeye anaamini anachokiandika. Wanaojua ni wewe na binti.

Hapo nadhani ndipo ahadi yako inapougua. Ulipoahidi, siri ilikuwa inamlinda mtoto dhidi ya hasira ya nyumbani. Sasa siri hiyohiyo imemweka baba yake kutia jina lake chini ya jambo lisilo kweli, bila kujijua. Sitakuambia ahadi haina thamani. Mtoto aliyepatana na mtu mzima mmoja anayetimiza neno lake ana hazina. Ninachouliza ni hiki: ahadi ile ulimpa mtoto wa miaka 15 aliyekuwa analia kituo cha basi. Huyu wa 17 umemuuliza anataka nini? Barua yako inamweleza vizuri mno, masomo yake, wazee wake, mswaki wake, lakini haina neno hata moja alilolisema tangu siku ile ya chakula. Aliinuka akaosha vyombo visivyokuwa vyake. Inawezekana alikuwa anakimbia. Inawezekana pia alikuwa anangoja mtu amfuate jikoni.

Kabla ya kumwambia yeyote, mimi ningeanzia kwake. Mweleze yote haya, ya ukunga na ya uraia, asikie na upande mwepesi. Huenda miaka hii miwili amebeba hofu kwamba kazi anayoisomea hataipata, na hakuna aliyemwambia vinginevyo. Akishajua, mambo yanaweza kwenda njia kadhaa.

Anaweza kutaka aseme mwenyewe, wewe ukiwa pembeni. Ina heshima yake, kwa sababu baba mkali mara nyingi hulainishwa na mtoto anayemjia kwa miguu yake kuliko na habari zinazomfikia kwa mlango wa nyuma. Hatari yake ni kwamba hujui usiku ule utaishaje.

Anaweza kukubali mama yake aambiwe kwanza. Hapa nakuuliza tena: kwa nini dada yako katika barua hii ni mtu wa kuogopwa tu? Unaandika atachelewa kukusamehe. Huenda. Ataumia kwamba hukumwambia, na ana haki ya kuumia. Lakini yeye ndiye mke wa huyo bwana, anajua saa za kuzungumza naye na saa za kunyamaza, na wewe umemwondoa kwenye jambo hili kana kwamba bado yuko Mombasa. Ubaya wa njia hii ni kwamba unamkabidhi dada siri dhidi ya mumewe, na ndoa nyingine hazibebi hilo hata wiki. Ukienda kwake, nenda ukijua kwamba hatua inayofuata haitakuwa yako tena.

Njia nyingine ni mtu wa tatu. Shemeji akishauriwa kupitisha fomu kwa wakili wa uhamiaji kabla ya kutuma, wakili atauliza kila mmoja maswali ya polisi, na binti anaweza kujibu katika chumba chenye mtu mwenye ujuzi, ambaye ataeleza hapohapo kwamba jambo hili ni dogo na linaelezeka. Baadhi ya kina baba husikia "ni dogo" kwa mtu mwenye tai kuliko kwa shemeji. Kuna gharama, na kuna aibu ya kujua mbele ya mgeni, ambayo kwa mtu wa tabia uliyonieleza inaweza kuwa nzito kuliko kosa.

Na ipo ya kumtoa binti kwenye maombi haya: wazazi na wadogo zake watangulie, yeye aombe baadaye kwa jina lake akiwa mtu mzima. Hapo baba hajibu swali la polisi kwa niaba yake, na muda unazidi kupita tangu siku ile. Lakini akishavuka 18 anaomba kwa masharti ya watu wazima, pamoja na mtihani wa maisha ya Uingereza na ada kubwa zaidi, na swali la onyo litamsubiri vilevile. Tena itabidi apatikane wa kumweleza shemeji kwa nini mtoto mmoja anaachwa nyuma, na sioni maelezo hayo yanavyotolewa bila kugusa ukweli.

Kunyamaza pia ni njia, nisijifanye haipo. Umeshaiona inakopita.

Sasa tiketi ya Kilifi. Wanaume wengi husema makubwa wakiwa barazani juu ya mtoto wa mwenzao, na hawafanyi hata robo yake kwa wa kwao. Wewe unamjua shemeji kwa miaka mingi. Je, amewahi kutekeleza tishio la namna hiyo, kwa yeyote? Amewahi kumpiga binti, kumfungia, kumnyang'anya simu au pasipoti? Au ni ukali wa sauti? Jibu la maswali hayo linabadilisha kila kitu nilichoandika hapo juu. Ikiwa hofu ni ya kweli, mpangilio ni usalama kwanza na fomu baadaye: shule yake ina mwalimu mwenye jukumu la kulinda watoto, na wakili wa mambo ya familia anaweza kuiomba mahakama izuie mtoto aliye chini ya miaka 18 asisafirishwe. Ikiwa hofu ni ya aibu na kelele, kelele huisha, na kwa binti aliyebakiza miezi mitano kuwa mtu mzima, pengine ni afadhali zipigwe wakati wewe uko chumbani.

Bi mkubwa mmoja aliwahi kuniambia kwamba kwa watu wa pwani kosa la mtoto halina miguu, linatembezwa na wakubwa. Simkubalii sana, watoto wengine makosa yao yana mbio. Ila kwa huyu wako naona alishalimaliza lake zamani: aliacha kundi, akarudi kitabuni, akaenda kupaka wazee mafuta. Kilichobaki ni cha watu wazima watatu.

Jambo la mwisho ni la haraka. Inawezekana shemeji ameshatuma fomu kabla hujasoma hapa. Hata hivyo hamjachelewa: mwombaji anaweza kuiandikia Home Office kurekebisha jibu kabla uamuzi haujatolewa, na anayejirekebisha mwenyewe hatazamwi sawa na anayekamatwa. Barua hiyo msiiandike kienyeji. Kutoa ushauri wa uhamiaji kwa watu bila kusajiliwa ni kosa kwa sheria ya Uingereza. Wanaoruhusiwa ni mawakili na washauri waliosajiliwa na mamlaka ya ushauri wa uhamiaji, ile iliyokuwa ikiitwa OISC hadi Januari 2025, na orodha yao iko wazi mtandaoni kwa yeyote kuitazama. Mtafute humo yule bwana wa fomu. Kama hayumo, zile barua za kabatini asizione.